Ua Lililo Ndani ya Majani

Ukitembea Posta, karibu na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, utaona penye kuta mmea utambaao wenye miiba, umefunikwa na rangi nyekundu na zambarau. Ndio bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulipewa jina la baharia Mfaransa, Bougainville, kwa kuwa Commerson, mjuzi wa mimea aliyesafiri pamoja naye, aliukuta Brazili mwaka 1767.

Watu husema, "Tazama maua!" Walakini ile rangi si maua, ni majani. Chungulia katikati ya majani matatu, utaona vijiua vitatu vyembamba, vyeupe. Huko Ulaya nako hupandwa klematisi, mmea utambaao usifiwao kwa maua makubwa; nao vile vipande vipana vya rangi ni vifuniko vya tumba tu.

Basi lazuka swali: je, mapambo ya namna hii ni uongo?

Swali hili lilinipata Jumapili moja. Nalimwona kanisani hamali wa Kariakoo, amevaa shati jeupe na koti lililopigwa pasi. Nikawaza, "Huyu ajifanya tajiri." Baada ya ibada nikamsema, wala si kwa upole. Akanijibu, "Baba Mchungaji, siku sita nabeba magunia, na watu huniita kwa mluzi. Leo nataka kukumbuka kuwa mimi ni mtu." Nikanyamaza, nikaona haya.

Maana majani yale hayamdanganyi kipepeo. Humwita penye chakula cha kweli. Uzuri wa nje, ikiwa ndani mna ukweli, si uongo, ni wito. Walakini ziko bogenvilia zilizochaguliwa na watunza bustani, ambazo majani ya rangi yamezidi kuongezeka hata vijiua vya ndani vimetoweka. Hizo zapendeza macho, lakini kipepeo akizijia hapati kitu.

Kwa hiyo si vema kuuliza, "Mbona huyu amejipamba?" Yatupasa kuuliza, "Ndani mna nini?" Na swali hilo kila mtu ajiulize mwenyewe kwanza, hasa sisi tunaosimama mbele ya watu. Siku ile yeye alikuwa na koti, mimi nalikuwa na joho. Naye ndiye aliyekuwa na ua ndani.