Mfungwa Niliyemtunga

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita niliandika hadithi fupi juu ya mfungwa wa Changuu, kile kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Mfungwa wangu alikufa na minyororo miguuni, macho yameelekea taa za Forodhani. Niliwasomea washkaji kijiweni hapa Mlingotini, na mmoja wao akafuta machozi. Basi, nikajiona mwandishi.

Changuu kwenyewe sikuwa nimewahi kufika. Mwaka huu nilimsaidia mama kuvuna mwani, nikapata hela kidogo, nikaenda Dar kupanda boti ya Unguja. Kesho yake mashua ikanivusha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya nusu saa tu.

Nilitegemea kukuta huzuni. Nikakuta maji maangavu, bustani yenye kivuli, na kobe wakubwa ajabu. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa visiwa vya Shelisheli, wakazaana. Miaka ya 1990 wezi waliwapunguza sana, na leo wanalindwa ndani ya uzio. Mmoja nilimlisha mchicha kwa mkono wangu, nikacheka kama mtoto.

Halafu tukafika kwenye gereza. Nikamwuliza anayetutembeza, "Kaka, wafungwa walikuwa wanalala wapi?"

"Hapa hajalala mfungwa hata mmoja, mdogo wangu."

Akanieleza. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa ili ajenge gereza. Jengo likasimama, lakini likaishia kuwa karantini. Wasafiri wa meli walishushwa pale kwa hofu ya homa ya manjano, wakasubiri ijulikane kama wanaumwa. Na kabla ya Mathews, Mwarabu mmoja alikuwa akiwafungia pale watumwa aliowaona wakaidi.

Nilinyamaza. Mtu wangu hakuwahi kuwapo.

Wewe utasema: kwani kuna ubaya gani? Hadithi ni hadithi, na mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Ni kweli, nami mwanzoni nilijitetea hivyohivyo. Kumbuni mtu mahali ambapo hapakuwa na mtu si kosa. Lakini Changuu palikuwa na watu. Palikuwa na msafiri aliyeamka kila asubuhi akamwomba mwenzake amtazame macho kama yamegeuka manjano. Palikuwa na mtumwa aliyeuona mji ng'ambo ya maji asiweze kuufikia. Mfungwa wangu alikuja akakaa mahali pao. Minyororo ilikuwapo kweli. Mimi niliwavua wenyewe, nikamvisha mtu wa kichwani mwangu.

Kwa nini nilimchagua yeye? Nikisema kweli, ni uvivu. Jina la kisiwa lilikuwa limeshanifanyia kazi nusu. Ukisema "gereza", msomaji ameanza kulia kabla hujamaliza sentensi. Kumwandika mtu anayengoja tu, siku baada ya siku, hajui kama ni mzima au mgonjwa, kunataka jasho. Na kumwandika mtumwa, mimi niliyezaliwa jirani na Bagamoyo, ambako misafara ya pembe na watumwa ilifikia pwani, kunataka niulize maswali ambayo sijawahi kuwauliza hata wazee wa kwetu.

Niliporudi nikawaambia washkaji. Yule aliyelia akanitazama. "Kumbe ulinitapeli. Basi nirudishie machozi yangu." Wote wakacheka, mimi nikashindwa.

Hadithi ile sijaichana. Nimeiweka chini ya godoro, na nimeanza nyingine, ya mgonjwa na ya mtumwa. Inakwenda polepole kuliko kobe. Lakini nawauliza nanyi wenzangu mnaoshika kalamu: machozi ya msomaji ni amana au ni mapato? Nadhani tuna haki ya kubuni chochote, ila tusimpe mtu wa kubuni nafasi ya marehemu ambaye bado hajasimuliwa.