Nyundo ya Baba

Somo: 1 Wafalme 7:13–22

Hiramu alikuwa mtoto wa mjane. Babake hakuwa Mwisraeli. Alikuwa mtu wa Tiro, mfua shaba. Mzee alikufa, lakini ufundi wake haukuzikwa naye. Sulemani alipojenga hekalu alimwita huyo kijana, naye akasimamisha nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi.

Sasa wewe wa Thika, wewe wa Ruiru, uliachiwa nini? Cherehani? Nyundo ya jua kali? Gitaa? Unangoja mtu wa vyuma kuukuu apite umuuzie? Pengine mzazi wako hakuokoka, hiyo gitaa alipigia kwa baa. Lakini kipawa kilitoka kwa Mungu. Usikiuze. Kilete nyumbani mwa Bwana kifanye kazi. Amina.