Kasoro Anayoijua Muuzaji

Mnunuzi ameahidi kufika saa nne. Saa tatu na nusu muuzaji anawasha injini, anaiacha ingurume mpaka mshale wa joto usimame mahali pake, kisha anaizima na kufunga boneti. Mnunuzi anapofika, moshi wa buluu unaotoka injini inapowashwa ikiwa baridi umeshapeperushwa na upepo. Haulizi habari ya moshi, na muuzaji haitaji. Wanapatana bei, wanasaini mkataba mbele ya shahidi, wanapeana mikono. Hakuna uongo uliosemwa. Je, kuna mtu aliyedhulumiwa?

Swali hili ni la zamani kuliko magari, na dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi. Lakini wilayani Biharamulo na Ngara lina uzito wake, kwa sababu ya umbali. Gari linalonunuliwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Nyakanazi, pale njia ya Kigoma inapoachana na ile inayokwenda Lusahunga, na kutoka Lusahunga upande mmoja ni Biharamulo na Bukoba, upande mwingine ni Rusumo. Kasoro iliyojificha yadini mara nyingi hujitokeza huku, kwenye mlima au katikati ya pori, muuzaji akiwa mbali na pengine simu yake haipokelewi. Wenyeji wanakumbuka miaka ambayo magari yalivuka mapori ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Kuharibikiwa gari humo hakukuwa usumbufu tu. Mtu aliweza kufa.

Ili swali lisielee hewani, inafaa lishikwe na chuma: injini ya Toyota ya 1JZ-GTE, ya petroli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye turbo. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,491, kipenyo cha silinda milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 71.5, vali 24, bloku ya chuma cha kusubu. Iliingia sokoni mwaka 1990 ikiwa na turbo mbili ndogo. Mwaka 1996 zikaondolewa, ikawekwa moja kubwa zaidi pamoja na VVT-i, mfumo wa kurekebisha wakati wa vali kufunguka, na msokoto wake ukafika Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika. Iko kwenye Mark II iR-V, kwenye Verossa VR25 na kwenye Crown Athlete V, magari ambayo ndugu zao wasio na turbo wamejaa Tanzania nzima. Mark II nyingi zinazoonekana barabarani zina injini ya 1G-FE ya lita mbili, isiyo na turbo. Anayetafuta yenye turbo anatafuta jambo maalumu, na analipia zaidi.

Hata sifa zake za kwenye karatasi zina historia ya kimya. Viwanda vya Japani vilipatana kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, na mapatano hayo yalidumu mpaka mwaka 2004. Ndiyo maana 1JZ-GTE ya mwanzo na ya mwisho, tofauti kama zilivyo, zote zimeandikiwa 280 ileile.

Mahali kama Ngara ndipo injini hii inapostahili sifa. Kwenye kimo cha mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani, na nguvu ya injini ya kawaida hupungua karibu kwa uwiano huohuo. Turbo huchukua moshi unaotoka, huuzungushia gurudumu, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Gari linalopanda kutoka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, likipita Benaco kuelekea Ngara mjini, halihisi sana wembamba wa hewa. Lakini ili kufidia wembamba huo turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi, na mhimili wake unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo mlima unaoonyesha uzuri wa injini ndio unaoonyesha ugonjwa wake.

Magonjwa yenyewe mafundi wanayajua. Magurudumu ya upande wa moshi kwenye zile turbo mbili za mwanzo yalitengenezwa kwa kauri ili yawe mepesi, na yakizidishiwa joto na mgandamizo hukatika. Dereva anayezima injini papo hapo baada ya kupanda mlima huikaanga oili iliyobaki ndani ya turbo mpaka ikawa masizi. Sili zikichoka, injini hula oili. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini nani anajua kilomita za gari ambalo dashibodi yake imerudishwa nyuma? Tena injini hii iliundwa kwa petroli ya oktani ya juu. Ikipewa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga, na turbo huuzidisha mlipuko huo mpaka pistoni zinatoboka. Uchanganyaji huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuunasa.

Kila ugonjwa una dawa yake ya kuuficha. Oili nzito hupunguza moshi kwa wiki kadhaa. Maji ya presha huosha dalili za kuvuja. Kompyuta ya fundi hufuta taa ya injini, nayo hurudi kuwaka baada ya safari chache. Na njia rahisi kuliko zote, isiyogharimu hata shilingi, ni ile ya kuipasha moto injini kabla mgeni hajafika.

Waislamu wa Biharamulo, kama walio wengi Afrika Mashariki, hufuata madhehebu ya Shafi, na sheria ya madhehebu hayo imelijadili tendo hilo kwa jina la mnyama. Mtu anayetaka kuuza ng'ombe au mbuzi wa maziwa humwacha siku mbili tatu bila kumkamua, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani kila siku ni hivyo. Mtume alilikataza jambo hilo, na akampa aliyedanganywa siku tatu za kuchagua: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokamua. Mfugaji wa Ngara haelezwi mara mbili maana ya kiwele kilichojazwa, na injini iliyopashwa moto ni kiwele hichohicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba hukumu hiyo haikungoja maneno ya muuzaji. Kiwele kimesema kwa niaba yake.

Basi kupasha injini ni udanganyifu, na hapo hakuna mengi ya kubishana. Ugumu uko kwa muuzaji ambaye hakupasha chochote, hakuosha, hakuweka oili nzito. Yeye anajua tu kwamba injini inakula oili, na ananyamaza.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na humo aliwakutanisha wanafalsafa wawili Wastoiki, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfano wao ulikuwa nyumba: mwenyewe anajua mbao zake zimeoza na vyumbani huingia nyoka, wengine hawajui. Diogenes alishikilia kwamba kutosema si sawa na kuficha. Muuzaji hakumlazimisha mtu, mnunuzi ana macho, na kama kila muuzaji angelazimika kutangaza kila analolijua, biashara isingekuwa biashara. Antipater alimjibu kwamba kumwacha mtu atumbukie kwenye kosa huku unamtazama ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero akawa upande wa mwanafunzi.

Hoja ya Diogenes haipaswi kudharauliwa, maana ndiyo inayotawala soko hadi leo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humbana zaidi mfanyabiashara anayeuza bidhaa kama kazi yake. Mtu binafsi anayemuuzia jirani gari lake anaachwa huru kwa kiasi kikubwa, na mnunuzi anatakiwa kujiangalia mwenyewe. Kwa hiyo mikataba mingi ya mitaani ina ule mstari mzito: mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo kama lilivyo.

Lakini Diogenes alihesabu watu wawili tu. Gari la Biharamulo au la Ngara lina wengine. Kuna mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Murgwanza usiku, kuna watoto kiti cha nyuma, kuna mwendesha bodaboda atakayelikuta gari limezimika kwenye kona bila taa. Hakuna hata mmoja wao aliyekagua wala kuridhika. Mnunuzi anaweza kusamehe haki yake mwenyewe, hawezi kusamehe ya hawa. Hapo hoja ya kutosema inavunjika, na haivunjwi na upole wa Antipater bali na hesabu ya watu waliomo garini.

Tomaso wa Akwino, ambaye mapadri wa jimbo la Rulenge-Ngara humsoma seminarini kama wenzao wa dunia nzima, aliliweka jambo hili kwa mizani nzuri katika karne ya 13. Farasi mwenye jicho moja, alisema, muuzaji si lazima amtangaze, mradi bei imepunguzwa, kwa kuwa kila mtu anaona. Kasoro isiyoonekana ni lazima itajwe, hasa ikiwa ina hatari au inaleta hasara. Mlango wa Verossa uliobonyea ni jicho la farasi. Turbo inayovuja siyo.

Na ule mstari wa "kama lilivyo"? Imam Malik amepokea kisa cha Abdallah bin Umar, aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote. (Aliyeuzwa alikuwa binadamu, na ubaya huo hauondolewi na uzuri wa hukumu iliyofuata.) Mnunuzi alilalamika kwamba kulikuwa na ugonjwa ambao hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman, naye hakusoma sharti. Alimtaka Abdallah aape kwamba alipouza hakuwa akiujua ugonjwa huo. Abdallah alikataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Sharti la kutohusika humlinda asiyejua. Anayejua, halimfai kitu.

Kuna muuzaji wa tatu, na pengine ndiye mwenye hila kuliko wote: asiyejua kwa sababu hakutaka kujua. Fundi alipomwambia wafungue bomba la turbo waangalie oili, alikataa, akijua kwamba akishaona atadaiwa kusema. Mtu huyu anaweza kuapa mbele ya Uthman bila kutetemeka. Lakini dhamiri inayofunga macho ili ibaki safi imeshaona, na kama kuna aibu kwenye biashara hii, kubwa kuliko zote ni yake.

Gharama ya kimya haiishii kwa aliyeumizwa. George Akerlof, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona anaonewa, huondoa gari lake sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Mwaminifu ndiye anayelipa.

Wenye viwanda wakati mwingine hulazimika kusema hata baada ya kuuza. Mwaka 2024 Toyota iliyaita tena nchini Marekani magari yapatayo 102,000 ya Tundra na Lexus LX yenye injini ya V6 ya petroli yenye turbo mbili, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani huenda yalibaki ndani ya injini na yangeweza kuifanya isimame ghafla. Injini za familia hiyohiyo ndizo zilizomo kwenye Land Cruiser 300 za petroli zenye turbo. Kama kampuni inayajibia magari laki moja, muuzaji wa gari moja aliyekumbuka kasoro kesho yake, naye namba ya mnunuzi anayo, anajibu nini?

Kinachokosekana sokoni ni mtu wa kuuliza alivyouliza Uthman. Wakili anayegonga muhuri mkataba Biharamulo mjini anaweza kuwa huyo, au mwenyekiti wa mtaa anayeitwa kushuhudia. Kabla ya saini, muuzaji aandike kwa mkono wake mwenyewe: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, oili inaongezwa kiasi gani kwa mwezi, gari liliwahi kuchemsha au halikuwahi, turbo imefunguliwa na nani. Asiyejua aandike hajui, na shahidi amuulize mara ya pili.