Gesi ya Kiyoyozi na Hiari ya Mnunuzi

Kiyoyozi cha gari huzungusha gesi ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo gesi ikipungua kuna mahali inavuja, na muuzaji anayeijaza upya kabla ya kumwonyesha mteja gari, bila kuziba tundu, huuza ubaridi wa muda mfupi tu. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, huliita tendo hilo ghushi, na kulihesabu pamoja na la yule muuza nafaka katika hadithi ya Sahihi Muslim aliyeacha unyevu ufichike chini ya rundo.

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, humpa mnunuzi hiari ya kurudisha gari au kubaki nalo kwa bei ileile. Ya Hanbali humruhusu kubaki nalo na kudai fidia ya thamani iliyopungua. Rai ya pili inafaa zaidi hapa, kwa kuwa mafuta ya kulainisha kompresa, yaani pampu ya mfumo huo, husafiri pamoja na gesi, hivyo uvujaji uliofichwa huweza kuiua pampu yenyewe, ambayo ndiyo gharama kubwa. Katika madhehebu haya mawili, sharti la kuuza gari “kama lilivyo” halimwokoi muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza.