Waite Tena Wiki Ijayo

Unaogopa nini?

Nakuuliza wewe, mama mwenye jambo moyoni tangu mwaka juzi. Kila Jumapili mkitoka ibadani unasema, "Jamani, hawa mabinti wanaozaa wakiwa wadogo tungewafanyia kitu," kisha unapanda daladala unarudi nyumbani kupika. Unaogopa kusimama mbele ya watu? Unaogopa kuambiwa unajifanya mkubwa? Unaogopa sauti itakukatikia katikati ya maneno?

Basi mkumbuke Mary Sumner.

Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1828 karibu na Manchester, Uingereza. Mwaka 1848 akaolewa na George Sumner, kasisi wa Kianglikana. Wakahamia Old Alresford, kijiji cha Hampshire, kusini mwa nchi. Pale akalea watoto watatu, akamsaidia mumewe kazi za kanisa, akafundisha Biblia, akaimba, maana alikuwa na sauti iliyofunzwa. Miaka ikaenda. Nje ya eneo lile nani alimjua? Mke wa kasisi, mama wa watoto, basi. Alifika umri wa miaka 47 na mtu angeweza kuapa kwamba habari zake zimekwisha.

Mwaka huo, 1876, binti yake Margaret akajifungua. Mary akamtazama mwanawe akiwa mama mpya, na siku yake mwenyewe ikamrudia: siku alipompakata mtoto wake wa kwanza akajiona hana maarifa yoyote ya kazi aliyokabidhiwa.

Siku hiyo unaijua wewe. Kichanga kinalia usiku wa manane. Ziwa linauma. Machozi yanakutoka na hujui unalia nini. Kila mtu amekuja kumwona mtoto, na hakuna aliyekuuliza wewe unaendeleaje. Umeisahau? Hujaisahau. Mary naye hakuisahau, ila yeye alinyanyuka.

Akawaita akina mama wa parishi yake waje nyumbani kwa kasisi. Wote! Mke wa tajiri na mke wa kibarua, chumba kimoja, katika Uingereza ambayo watu wa namna hizo mbili hawakuketi meza moja. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mama aliyepewa mtoto amepewa kazi na Mungu mwenyewe, awe amevaa hariri au viraka, na kwamba kazi hiyo hakuna anayeiweza peke yake.

Wakaja. Wakaketi. Wakamtazama.

Hakusema kitu.

Woga ulimkaba. Maneno yakagoma kutoka. Akawaomba warudi wiki ijayo.

Rudia kusoma hapo. Mwanamke ambaye jina lake linatajwa leo kwenye makanisa ya mabara yote alishindwa kuhutubia mkutano wake wa kwanza, sebuleni kwake, mbele ya majirani zake! Sasa niambie, nani aliyekudanganya kwamba Mungu huwatuma waliokwisha kuwa tayari? Musa si alilalamika ulimi wake mzito? Wewe unasubiri ulimi wako uwe mwepesi kuliko wa Musa?

Wiki iliyofuata wakarudi, na yeye alikuwepo, na safari hii alisema.

Mimi hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kushindwa hadharani ni jambo la kila mtu. Kuwaita tena watu wale wale walioshuhudia ukishindwa, ukawatazama usoni, ukafungua kinywa: hiyo ni imani yenye miguu. Wangapi tumezika huduma nzima kwa sababu ya Jumamosi moja iliyotuaibisha?

Umezika yako?

Ifukue.

Na usidhani baada ya hapo milango ilifunguka yenyewe. Miaka tisa alibaki na mikutano ya parishi yake. Miaka tisa! Akina mama walipewa kadi yenye ahadi ya kuwalea watoto wao katika njia ya Kristo, wakakutana, wakaomba, wakafundishana malezi, wakarudi majumbani. Hakuna gazeti, hakuna makofi. Wewe miezi mitatu tu, kikundi kikibaki na watu watano, unasema Mungu amefunga mlango. Amefunga Mungu, au umechoka wewe?

Mwaka 1885 kukawa na kongamano la Kanisa mjini Portsmouth. Askofu wa Newcastle, Ernest Wilberforce, alitakiwa kuzungumza na umati wa wanawake. Akaona hana mengi ya kuwaambia. Akamsimamisha Mary.

Yule yule wa sebuleni! Akiwa na miaka 56 alisimama, akawaambia wanawake wale kwamba mwelekeo wa taifa umo mikononi mwao, mikono ile ile inayofua nepi. Walitoka pale wakaenda kuanzisha vikundi makwao. Askofu wa Winchester akaufanya umoja ule wa akina mama kuwa kazi ya dayosisi nzima. Kufikia 1892 wanachama walikuwa 60,000. Mary alifariki mwaka 1921 akiwa na miaka 92, na leo Umoja wa Akina Mama una zaidi ya watu milioni 4 katika nchi zaidi ya 80. Kenya wapo. Tanzania wapo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wapo. Tarehe 9 Agosti wanamkumbuka.

Nakusikia: "Huyo baba yake alikuwa na benki. Mimi nina genge la nyanya." Kweli, baba yake alikuwa na benki. Lakini niambie, nani anayeubeba umoja huu huku kwetu? Walimu, wakulima, wauza maandazi. Wanaochanga mia tano mia tano mpaka mjane anapata mabati. Wanaofika msibani kabla ya turubai, na kuondoka sufuria zikiwa zimeoshwa. Hao benki zao ziko wapi?

Huna muda? Muda wa kumjadili yule binti kisimani uliupata.

Ndiyo, yule binti wa nyumba ya tatu. Amejifungua wiki hii. Umekisikia kichanga usiku. Mama yake yuko mbali, aliyempa mimba ametoweka, na mtaa mzima unapita mlangoni kwake ukitazama upande mwingine.

Jumamosi waite wenzako watatu. Wakija wawili, anzeni na wawili. Neno likikukwama kooni, waombe warudi wiki ijayo, na wiki ijayo uwepo kabla yao.

Lakini usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi pika uji, utie pilipili manga, ujaze chupa ya chai, uchukue na kanga moja safi. Piga hodi. Mpokee mtoto. Muulize mzazi kama amelala, umsikilize mpaka amalize. Ukiweza kuomba naye, omba.

Nyumba unaijua. Nenda.