Maana ya Suluhu

Yapasa ijulikane kwamba suluhu si kuiuza haki. Mwaka wa 6 wa Hijra (628), huko Hudaybiya, Waislamu walipopatana na Makureshi, mjumbe wao Suhayl bin Amr alikataa yasiandikwe maneno "Mtume wa Mungu" katika mkataba. Mtume (S.A.W.) akaamrisha yafutwe, liandikwe jina lake na la baba yake, akaridhia na kurejea Madina mwaka ule bila ya kufanya Umra. Masahaba walihuzunika, lakini utume haukufutika kwa kufutwa wino, na katika amani ile wengi walisilimu.

Basi wagombanao na wapambanue: lipi ni haki ya Mungu, na lipi ni ukubwa wa nafsi? La kwanza halitolewi. La pili likitolewa, suluhu hupatikana.