Maji Yaliyobaki

Katika miaka yangu ya kufundisha kemia, kipindi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha kuyagawanya maji. Vifaa vyake ni duni: betri, nyaya, vijiti viwili vya kaboni, maji yaliyotiwa asidi kidogo, na mirija miwili ya kioo iliyofudikizwa. Hidrojeni hujaa mrija mmoja, na oksijeni, nusu yake, mrija wa pili. Ukiisogezea hidrojeni njiti ya kiberiti inayowaka hulia pwaa! na darasa zima hucheka. Nikiwaambia wanafunzi: hakuna jambo lisilo na hatia kama hili.

Siku hizi siwezi kulisema hilo, tangu niliposoma habari za Vemork, kule Norwe. Kiwanda hicho kiliyagawanya maji kwa umeme wa maporomoko ili kupata hidrojeni ya kutengenezea mbolea. Sasa, hidrojeni ya kawaida hutoka upesi, na ile nzito huchelewa nyuma. Ukiendelea kuyagawanya maji kwa muda mrefu, yanayobaki huzidi kuwa maji mazito. Mabaki hayo, yasiyo na kazi yoyote shambani, ndiyo Wajerumani waliyoyataka kwa utafiti wao wa nyuklia wakati wa vita.

Wazalendo wa Norwe waliilipua mitambo hiyo Februari 1943, wala hakufa mtu. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaamua kuyahamishia kwao maji yaliyosalia, yakivushwa kwa kivuko cha Ziwa Tinn. Jumapili, tarehe 20 Februari 1944, kivuko kikazamishwa kwa bomu. Jumapili ilichaguliwa kwa kuwa abiria huwa wachache. Hata hivyo walikufa watu 18, na 14 kati yao walikuwa Wanorwe.

Baada ya vita ilijulikana kwamba Wajerumani walikuwa bado mbali na bomu la atomiki. Siwalaumu wazalendo wale kwa hilo. Hawakuwa na njia ya kulijua. Kinachonikera ni jambo dogo zaidi. Inasimuliwa kwamba mmoja wa washiriki alimtilia mama yake dawa ya kuharisha katika chakula, asiweze kusafiri siku ile. Kumweleza sababu hakuthubutu, maana siri ingevuja. Abiria wengine walikata tiketi zao wakapanda.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini. Nadhani ningemtilia mama yangu dawa hiyo hiyo, na jirani yangu ningempungia mkono akielekea kivukoni.